Matanga ya Mzee wa Kitabuni

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Nilikuwa napita karibu na meza ya muuza vitabu chakavu, hapa Bujumbura ninapokaa kwa sasa, nikasikia harufu ya karatasi iliyonyonya unyevu miaka mingi halafu ikakaushwa karibu na moto wa kuni. Kitabu chenyewe kilikuwa kimebanwa kati ya jiometri ya shule na kitabu cha misa kisicho na jalada. Nilikivuta, nikasoma ukurasa wa kwanza nimesimama. Kilikuwa cha Kifaransa, kimetafsiriwa kutoka lugha ya mbali: mzee mmoja wa nchi ya theluji, farasi wake kilema, ziwa linaloganda, na mtoto wake wa kiume aliyekwenda mjini kusoma awe karani. Nikakinunua bila kupatana bei, jambo ambalo mtu anayenijua sokoni hataliamini.

Nilikisoma kidogo kidogo kila jioni nikishafunga kibanda changu cha vitenge. Kusema kweli nilikuwa namngoja yule mzee afe. Nilijua atakufa, kwa sababu nilikaa matanga yake nikiwa mtoto, nyumbani kwetu Kisangani. Lakini kurasa zilizidi kupungua na mzee alizidi kuishi. Kwenye ukurasa wa mwisho amekaa jikoni na chai yake, mtoto wake amerudi, na wawili wanabishana kama farasi anafaa kuuzwa. Kitabu kikaisha hapo. Nikageuza jalada la nyuma nikitafuta kurasa zilizochanika. Hakuna iliyokuwa imechanika.

Nikampigia Mama.

"Mama, unakumbuka yule mzee wa kitabu cha Tonton Faustin? Yule tuliyekalia matanga?"

"Namukumbuka sana."

"Hakufa. Nimekisoma chote. Hakufa hata kidogo."

"Najua," Mama akasema. "Aliyekufa alikuwa baba yake Faustin. Sisi wakubwa tulijua. Bibi yako njo alijua wa kwanza," akaongeza, kwa ile njo yetu ya Kisangani badala ya ndiye. Kisha akaniuliza kama mvua imeanza Bujumbura, maana kwao bado jua ni kali.

Ninyi wa umri wangu mnajua jinsi jambo la utotoni linavyokaa kimya ndani ya mtu, limekunjwa vizuri kama nguo ya sikukuu, na mtu anaamini analifahamu. Mimi hadithi ya matanga yale nimeibeba kila nilipokwenda, na nimekwenda kwingi. Nimeisimulia Kampala kwa wauza nguo wenzangu, nimeisimulia Kolwezi nilipokuwa napikia wachimbaji. Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Sasa naona kwamba nilikuwa nimekaa katikati ya msiba wa mtu bila kuuona.

Nyumba yetu ilikuwa ya Bibi, mama yake baba yangu. Sisi ni wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walifika na misafara ya biashara wakabaki, na Bibi alipenda kusema kwamba walibaki kwa sababu ya samaki. Ndani tulisema Kiswahili, barabarani Kilingala, shuleni Kifaransa. Nyuma ya uwanja kulikuwa na chumba cha matofali tulichopangisha wanafunzi wa chuo kikuu. Faustin, niliyemwita Tonton, yaani mjomba, alifika siku moja juu ya toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, godoro la sponji limefungwa nyuma yake na sanduku amelipakata. Alikuwa mwembamba, na alipoinama kumsalimia Bibi miwani yake ilianguka ndani ya sufuria ya maji. Bibi akaitoa, akaifuta kwa kanga yake, akamrudishia. "Karibu," akamwambia. "Umeanza kwa kuoga."

Alitoka Yanonge, chini kidogo ukiteremka na mto, mtoto wa mvuvi. Alisomea fasihi, na kazi hiyo hatukuielewa. Mama Shukuru, jirani yetu aliyetoka Butembo na aliyeuza maharage na sabuni, alimhoji siku ya kwanza kupitia pengo la ukuta.

"Unasoma nini?"

"Vitabu, Mama."

"Wote wanasoma vitabu. Mwenye kusomea udaktari anasoma vitabu. Wewe vitabu vya nini?"

"Vya hadithi. Vya watu wa nchi mbalimbali."

"Na ukimaliza, watakulipa juu ya hadithi?"

"Nitafundisha."

"Bon," Mama Shukuru akasema. "Tutakuombea."

Profesa wake, Faustin alitueleza, alikuwa amewapa wanafunzi swali moja la kulifanyia kazi mwaka mzima: mtu wa hapa anasomaje kitabu cha mtu wa kule? Kila mmoja aandike anavyofikiri. Faustin hakujua aanzie wapi, basi akaanza kukaa nasi saa za alasiri, wanawake walipokuwa wanatwanga sombe, majani yetu ya muhogo. Alikuwa na desturi moja: anasoma ukurasa wa Kifaransa kimya, midomo ikitikisika, halafu anafunga kitabu na kidole kikiwa ndani, anatusimulia kwa Kiswahili. Neno likimshinda analitia kwa Kilingala. Nami nilikaa karibu na magoti yake, nikichambua majani polepole ili kazi isiishe.

Alitusimulia juu ya mjane wa kisiwa cha mashamba ya mpunga, ambaye nyumba yake iliuzwa na shemeji yake. Mama Shukuru alisimamisha mchi.

"Na wajomba yake walikuwa wapi?"

"Hawatajwi."

"Hawatajwi, ao hawako?"

Faustin alifikiri. "Mwandishi hakuona kuwa wana kazi katika hadithi."

"Donc mubaya ni mwandishi," Mama Shukuru akasema. "Shemeji ni mwizi tu kama wezi wengine. Lakini yule aliyemunyima mwanamke wajomba yake, ule njo adui."

Wakati mwingine ilikuwa habari ya kijana wa mji wa majumba marefu, aliyekaa chumbani kwake kitabu kizima akiwaza kwa nini watu wanaishi. Bibi alisikiliza kwa subira, kisha akauliza: "Anakula kwa nani?"

Faustin akafungua kitabu, akatafuta. "Hakisemi, Bibi."

"Basi iko mwanamke mahali anamupikia, na hakuna mtu anayemutaja."

Faustin alicheka hadi akavua miwani. Alisema hilo litaingia katika kazi yake, kwamba profesa mwenyewe hajaliona. Toka siku hiyo alikuja na vitabu kama mtu anayepeleka nguo kwa fundi, avijaribishe kwa wanawake wale.

Na mimi nilikuwa nasoma kwa namna yangu, kwa kosa langu mwenyewe. Kwa kuwa Faustin alitoka Yanonge, na vitabu vilifika naye, niliamini kwamba nchi zote zile ziko chini ya mto, moja baada ya nyingine, kama vijiji. Ukipita Yanonge unakuta kisiwa cha mpunga. Kona ya pili, mji wa majumba marefu. Na mbali kabisa, kabla ya Kinshasa, ile nchi ya theluji. Nilipowaona wanawake wa samaki wakishuka bandarini na mabeseni yao niliwatazama miguu kama ina barafu. Faustin alipogundua hakunisahihisha. Alisema tu, "Ni mbali kidogo kuliko hapo." Nadhani mguu wangu wa kuzurura ulizaliwa siku hizo. Nimekuwa nikiteremka mto huo maisha yangu yote, na sijafika kona hata moja kati ya zile.

Kitabu cha mzee na farasi alikianza wakati wa mitihani. Wanawake walimpenda mzee yule kuliko wote waliomtangulia. Walipenda kwamba anaongea na farasi, na kwamba anamtumia mtoto wake samaki waliokaushwa huko mjini. "Huyu ni mutu wa Yanonge," Bibi akasema, na Faustin akatabasamu kwa namna ambayo leo ninaielewa.

Sasa nitaeleza jinsi mambo yalivyokuwa, kama Mama alivyonieleza kwenye simu nilizompigia baadaye, kwa sababu mimi niliona vipande tu. Habari kwamba baba yake anaumwa ilimfikia Faustin kwa mdomo wa mtu wa mtumbwi, katikati ya mitihani. Alibakiwa na mtihani mmoja. Kama angeukosa, mwaka ungekufa, na mwaka huo ulikuwa umelipiwa na ukoo mzima. Nadhani aliona kwamba baba ni mtu wa nguvu, atangoja. Alipoumaliza akafunga mfuko wake asubuhi akashuka bandarini. Huko akakutana na mtu wa kwao, akaambiwa wameshazika. Baba zake wadogo walikuwa wameuliza mbele ya kaburi, Faustin iko wapi. Kwao mtoto mkubwa ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Walitupa wengine.

Kipande nilichoona mimi ni hiki: aliondoka na mfuko, na kabla ya chakula cha mchana alirudi na mfuko uleule.

"Tonton, umesahau nini?" nikamuuliza.

"Nimesahau kitabu," akasema. Akaingia chumbani na hakutoka hadi siku ya pili. Niliona ni jambo la kupendeza, mtu kupenda kitabu hadi asiweze kusafiri bila hicho.

Mama aliipata habari kwa mwanamke wa Yanonge aliyemuuzia samaki wa moshi. Akamletea Bibi. Na Bibi akakataza mtu yeyote asimwambie Faustin neno. Nilipomuuliza Mama sababu, alikasirika kidogo, kama mtu anayeulizwa kwa nini watu wanavua viatu mlangoni.

"Weye umekaa sana inje, umesahau," akasema. "Mwenye msiba njo anasema msiba wake. Ukimupa mutu pole mbele hajasema mwenyewe, ni kumuambia: tunajua unaficha maiti. Unamuvua nguo. Tulimungoja aseme. Kila asubuhi Bibi yako alimuuliza, habari ya nyumbani? Na yeye: nzuri, Bibi. Tungefanya nini?"

Kwa nini hakusema, nadhani ninaweza kulijibu mwenyewe. Neno la kwanza baada ya pole ni lile moja, kila mahali nilikopita: ulikwenda kuzika?

Basi alirudi kukaa nasi alasiri na kitabu cha mzee. Nakumbuka siku aliyomuua. Hakufungua kitabu hata kidogo, alikiweka tu juu ya magoti, kidole hakimo ndani, na mimi niliona hilo lakini sikujua maana yake. Alisema mzee aliumwa kifua. Akasema ilikuwa majira ya baridi, udongo mgumu, ukashinda jembe. Walimzika wanaume wawili wa kazi ambao hawakumjua, na farasi alisimama pembeni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumfunga. Hakuna aliyemshika kichwa wakati wa kumteremsha.

Bibi akaulaza mchi wake kando ya kinu.

"Mutoto wake?" Bibi akauliza.

"Kitabu hakisemi," Faustin akajibu.

Bibi alimtazama kwa muda. Alikuwa na macho ya rangi ya chai, na akikutazama hivyo ulitamani kumwambia hata usilolijua. Faustin akainamisha kichwa, akaanza kufuta miwani.

"Hatuwezi kumuacha hivi," Bibi akasema. "Mutu amekula na sisi kila siku, amekufa, tunatwanga tu? Kesho tutakaa matanga."

Mama Shukuru aliangua kicheko. "Matanga ya mutu wa ndani ya kitabu?"

"Wewe utaleta karanga," Bibi akamwambia.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Tulitandika mikeka uwanjani, kahawa ikachemshwa na tangawizi, karanga za Mama Shukuru zikakaangwa. Majirani wakiona mikeka hawaulizi kwanza, wanaingia, wanakaa, ndipo wanauliza. Papa Dieudonné, fundi wa baiskeli, alifika na mikono yenye grisi, akavua kofia.

"Poleni. Nani amefariki?"

"Mzee mumoja," Mama akasema.

"Wa wapi?"

"Wa chini huko. Wa inchi ya baridi."

Papa Dieudonné akatikisa kichwa kwa huzuni. "Baridi inaua wazee. Alikuwa Mukatoliki?"

Watu wakamgeukia Faustin. Yeye alikuwa amechukua birika la kahawa na alikuwa anapita kwa kila mtu akimimina. Akasema mzee alikuwa na dini ya kwao. "Alors tuombe zote," Papa Dieudonné akasema, akafanya ishara ya msalaba, na Bibi akasoma Fatiha, na mwanamke auzaye mikate akaanzisha wimbo wa Kilingala ambao wote walioujua waliuitikia. Mimi nilikuwa na mdomo uliojaa karanga na nilifurahi mno. Sikuwahi kuona msiba usiokuwa na mtu wa kulia.

Bibi alikuwa ameacha nafasi upande wake wa kulia, kwenye mkeka mkubwa wa katikati. Kila aliyetaka kukaa pale alimwonyesha pengine. "Faustin," akaita, "acha birika. Kuja kukaa hapa."

"Niko sawa, Bibi. Bado wengine hawajapata."

"Watoto watagawa. Wewe kaa."

"Niko sawa."

Kila mtu anajua kwamba mwenye msiba hagawi kahawa. Anakaa chini, watu wanamfuata, wanamshika mikono, wanamletea kikombe. Mgawa kahawa ni jirani. Faustin alishikilia lile birika kwa mikono miwili, na kwa kadiri alivyolishikilia alikuwa jirani, mtu wa kusaidia tu, na hakuna wa kumuuliza lolote. Haya nayasema leo. Siku ile niliona kwamba ana bidii.

Labda angekaa. Mama anaamini angekaa. Alikuwa amekwisha kulitua birika mara moja karibu na mguu wa Bibi, amepiga goti moja, kama mtu anayetaka kumwambia mwenzake jambo la siri. Lakini Mama Shukuru hakuwa miongoni mwa waliojua. Mama na Bibi hawakumwambia, kwa sababu ulimi wake ulikuwa na miguu. Na yeye, akiwa amekwisha kuzama katika matanga kama matanga, aliongea kama watu wanavyoongea wakiwa wamekaa vizuri na kahawa yao.

"Mimi ninamufikiria ule mutoto," akasema. "Baba anamutumia samaki, anamusomesha. Baba anakufa, yeye iko mujini anashika kalamu. Huyo si mutoto. Ni jiwe."

"Labda hakupata njia," Faustin akasema. Alikuwa bado amepiga goti.

"Njia ya kwenda iko. Njia ya kurudi kwa baba njo inakosekana?"

"Labda habari ilichelewa."

"Habari ya kifo haichelewi. Wewe mwenyewe umesema kitabu hakisemi. Unamutetea juu ya nini?"

"Mama Shukuru," Bibi akasema, "kunywa kahawa."

"Ninakunywa. Ninasema tu. Kama ni mutoto wangu, hata udongo wangu asiukanyage."

Faustin akainuka. Nakumbuka magoti yake ya suruali yalikuwa na vumbi na hakuyapangusa. Alichukua birika, akammiminia Mama Shukuru kikombe cha pili hadi juu, kwa uangalifu, bila kumwaga tone. Kisha akaendelea kwa aliyefuata. Aligawa hadi watu wakaanza kuondoka. Bibi alibaki amekaa na ile nafasi tupu kuliani kwake, na hakuna aliyekaa hapo hadi mwisho.

Baada ya siku ile hakuna kitabu kilichofunguliwa tena uwanjani kwetu. Faustin alisema ana kazi nyingi. Muda si mrefu alipata kitanda katika mabweni, akafunga godoro lake juu ya toleka kama alivyofika. Mimi nililia. Nilikuwa nimehukumu kesi yote peke yangu: Mama Shukuru amemkasirisha kwa kubishana naye juu ya kitabu, watu wa vitabu hawapendi kubishiwa, kwa hiyo yeye ndiye aliyenifukuzia nchi zangu. Nilikataa kumsalimia. Yeye alidhani nina minyoo, akamwambia Mama aninunulie dawa, na nikanyweshwa dawa ya minyoo.

Baadaye ikaja miaka mibaya ya vita mjini kwetu, ambayo hakuna anayehitaji nimkumbushe. Nilimaliza sekondari, na nilipomaliza niliondoka, na nikaendelea kuondoka kila nilipofika. Bibi alifariki. Kabla ya hapo, katika kurudi kwangu kote nilikaa naye mara nyingi, nikimsikiliza na yeye akinisikiliza, na sikuwahi kumuuliza juu ya ile nafasi mkekani. Ningeiulizaje? Nilidhani ilikuwa imeachwa kwa ajili ya marehemu.

Mama alinitafutia namba ya Faustin. Mtoto wa mwisho wa Mama Shukuru alifundishwa naye, huko Isiro, na bado wanasalimiana. Nilikaa na namba ile siku kadhaa ndani ya mkoba. Kisha mchana mmoja soko likiwa baridi nikapiga.

Nikamwambia mimi ni Zaina, wa kwa Bibi Mwanaidi, pale alipokuwa anapanga.

"Zaina," akasema. Sauti imekuwa nene, lakini mwalimu hapotezi ile namna ya kuita jina kama anaita mahudhurio. "Ulipata kupita Yanonge ukaona theluji?"

"Bado, Tonton."

Akacheka. Tukaulizana ya watoto, ya magoti, ya bei ya mafuta. Aliniambia alihitimu, ila swali la profesa wake alilijibu kwa vitabu vya maktaba tu, na mambo ya uwanja wetu hakuyaandika hata mstari. Alikuwa ameanza, akaacha. Nilimuuliza kama alipata kurudi kwao. Alirudi, baada ya miaka mingi. Baba zake wadogo walimpokea, walikuwa wamezeeka, hawakuwa na nguvu ya kumgombeza. Walimwonyesha mahali pa kaburi. Palikuwa na mihogo.

Ndipo nikasema nililopigia simu.

"Tonton, pole kwa baba."

Nilisikia kuku kwake, na mtoto akikariri kitu. "Alikufa zamani sana," akasema. "Nani amekuambia?"

"Mama. Walijua. Mama alijua, na Bibi alijua. Kabla hujatusimulia. Yale matanga, Bibi aliyaweka kwa ajili ya baba yako. Walikuwa wanakungoja wewe ukae."

Nikaangalia simu kama haijakatika. Nilianza kujuta. Mtu amezoea jeraha lake, na mimi namletea maji ya moto.

"Na mimi nikawa ninagawa kahawa," akasema mwishoni.

"Ulikuwa hujui."

"Miaka yote hii nimesema mzee wangu hakupata hata mkeka mmoja. Kule walizika haraka, walikuwa na hasira na mimi. Huku sikusema. Nimesema mzee alikwenda kama mbwa." Akakohoa, au nilichukulia ni kukohoa. "Nani walikuja?"

"Wapi?"

"Siku ile. Matanga. Mimi nilikuwa natazama vikombe, sikutazama watu. Nani walikuja?"

Nikaelewa. Mwenye msiba huwa anajua waliokuja. Anawabeba maisha yake yote: fulani alikaa, fulani alileta kuni, fulani alitoka mbali. Hata mkosane vipi, anasema, lakini siku ya baba yangu alikuja. Faustin hakuwa na hata jina moja.

"Bibi," nikasema. "Na Mama."

"Bibi. Mama yako."

"Papa Dieudonné wa baiskeli. Aliuliza kama ni Mukatoliki."

"Papa Dieudonné alikuja," akasema, polepole, kama anayepanga kitu mahali pake.

"Yule mama wa mikate, aliyeimba. Jina lake silijui."

"Mama wa mikate."

"Mama Shukuru."

Hapo nilisita, lakini yeye hakusita. "Alikaa mpaka lini?"

"Mpaka tulipokunja mikeka. Alibaki akaosha vikombe."

"Basi alikuja," akasema.

Nilijaribu kuurudisha uwanja ule, mikeka, kivuli cha ukuta, miguu ya watu. Niliona karanga. Niliona mikono yangu mwenyewe ikizimenya. Kulikuwa na wanaume watatu au wanne upande wa lango, kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na wengine nyuma yao, na nyuso zao hazikuwa na kitu.

"Kulikuwa na wengine, Tonton. Wengi. Ila mimi nilikuwa mtoto, nimewasahau."

"Jaribu," akasema.